Sindano Tatu za Masika

Basotu, Jumatatu, 1 Februari 2010

Shajara hii nimepewa bure na msambazaji wa dawa za mifugo wa Arusha. Kila ukurasa una picha ya ng'ombe wa kizungu mwenye kiwele ambacho ng'ombe wa huku Hanang angeona aibu kutembea nacho. Nilikusudia kuandika tarehe za chanjo za wateja wa duka langu la dawa za mifugo. Lakini Daktari Judica amesema niandike habari za shingo yangu: lini imevimba, lini imetulia, nimekula nini, nimelalaje. Basi ng'ombe wa kizungu na anivumilie.

Nianze na shingo yenyewe. Upande wa kushoto, chini ya taya, nina uvimbe laini. Nilizaliwa nao, ukiwa mdogo kama maharage. Nilipokuwa msichana wa miaka kumi na tisa, huko kwetu kijiji cha Daudi, ulikuwa umekua, nikapelekwa kukatwa. Uvimbe ukarudi. Nilichobaki nacho ni kovu, na pembe ya mdomo iliyolegea. Nikicheka, nusu ya uso inacheka na nusu inasikiliza. Sasa nina miaka thelathini na saba, na tangu nimzae kitindamimba umekua mpaka kufikia ukubwa wa ngumi. Unasukuma koo kwa ndani. Nikilala chali nakabwa. Ugali nausindikiza kwa maziwa, la sivyo unakwama.

Sokoni kila mtu ni mganga. Konsolata, jirani yangu anayeuza nafaka, ameamua kwamba ni tezi la shingo, na kila akienda Katesh ananiletea chumvi ya madini joto. Chumvi ingekuwa dawa yangu, leo ningekuwa nimekauka kama samaki wa kuning'inizwa.

Daktari Judica ndiye wa kwanza kuniambia ni nini. "Si tezi, si saratani," alisema. "Ni mishipa ya limfu, ile inayopitisha maji ya mwilini. Ulipokuwa tumboni mwa mama yako haikuunganika vizuri, ikawa vifuko. Vifuko vinajaa." Huyu daktari ni mwanamke mfupi, mpole wa sauti, na anakuja hospitali ya misheni huko juu Mbulu mara moja kwa mwezi hivi, tena miezi hii mitano tu, halafu anapelekwa kwingine. Yeye hakati. Anaingiza sindano kwenye kifuko huku anatazama ile mashine ya kuonea mimba, anavuta maji, halafu anaweka dawa inayounguza kuta za kifuko mpaka zishikane. Sindano tatu.

"Zikishindwa zote tatu itabidi ukatwe, Hilaria," aliniambia. "Hewa ni hewa, huwezi kuishi bila kupumua."

Mimi sitakatwa tena. Naandika hapa ng'ombe wa kizungu awe shahidi.

Alhamisi, 4 Februari

Vumbi. Nimeuza dawa ya kupe tu. Nimekula makande, yamepita.

Jumamosi, 6 Februari

Leo mzee Gidahosh ameingia dukani, na duka likawa dogo. Ni Mbarbaig wa bondeni huku, mrefu, shuka lake limefungwa begani, na ng'ombe wake hata ukame wa mwaka jana haukuwamaliza. Watu wanamfuata kwa mkono wake: ndama akiugua ndigana, ile homa ya kupe, mitoki ya shingo ikavimba, Gidahosh huichoma kwa chuma cha moto, na wengi wa ndama hao husimama. Mimi namuuzia OTC, ile antibiotiki ya sindano ya ng'ombe, na dawa ya minyoo, na kila mara tunagombana. Josho la zamani la kuogeshea ng'ombe lilikauka nikiwa bado msichana, bwana mifugo ni mmoja kwa kata nyingi, na dawa zimeachiwa soko. Siku hizi kila mfugaji ana bomba lake la sindano. Anayewauzia ni mimi, na anayewapigia kelele ni mimi vilevile: pima uzito, soma chupa, sindano si ya kukisia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mama Dawa." Akaniinamia, akaitazama shingo yangu bila haya kama anavyotazama mnyama mnadani. "Huo mtoki wako umekomaa. Mbona hujaniita?"

"Nikuite kwa lipi?"

"Chuma. Mara moja hapa, mara moja hapa, unatulia."

"Mzee, mimi si ndama."

"Ndama hupona."

"Wangapi hufa?"

"Wanaokufa hawalalamiki," akasema, akachukua dawa yake akaondoka. Nilicheka kwa ile nusu inayocheka. Lakini huyu mzee ni hatari, na niseme wazi: nikizimia siku moja mbele yake, nitaamka nimepigwa chapa.

Alhamisi, 11 Februari. Hospitali

Sindano ya kwanza.

Severine, mume wangu, alinileta kwa pikipiki alfajiri. Njia ni mashimo na vumbi, na kule kwenye korongo ni mchanga mtupu, tulivuka bila kushusha miguu. Severine ni fundi wa matrekta, akiwa na injini anaongea nayo, akiwa na mimi anakaa kimya.

Daktari alipofungua boksi la dawa nilisoma jina kabla hajaligeuza. Doksisaiklini.

"Daktari, huyu si ndugu wa OTC?"

Akaniangalia juu ya miwani. "Ni wa ukoo mmoja. Umeijulia wapi?"

"Naiuza. Kwa ng'ombe."

Alicheka, na nesi akacheka, nikajisikia mtu. Halafu akanipaka yale mafuta baridi, akaniwekea kile kidude cha mashine shingoni, na kwenye kioo nikaona vifuko vyangu, vyeusi, vimepangana kama viazi kwenye debe. Kimoja kikubwa na vingine vidogo. Nimebeba vitu hivi maisha yangu yote na leo ndiyo mara ya kwanza nimevitazama. Alivuta maji ya rangi ya chai nyepesi, bomba zima na nusu ya jingine. Halafu akaingiza dawa.

Nimezaa watoto wanne na sikupiga kelele hata kwa mmoja. Leo nilipiga. Walikuwa wamenipa dawa ya kutuliza na bado moto ulipanda mpaka sikioni. Nilishika chuma cha kitanda nikasema moyoni: ungua, ungua, ungua wewe, usiniunguze mimi.

Jumamosi, 13 Februari

Shingo imevimba kuliko ilivyokuwa kabla. Daktari aliniambia itavimba kwanza, dawa inapigana na kuta. Lakini kuambiwa ni kimoja na kujitazama kwenye kioo ni kingine. Nakunywa uji tu.

Jumatatu, 15 Februari

Tumegombana. Nilikuwa nimekaa mlangoni na kitambaa cha maji baridi shingoni, Severine akanitazama kidogo, akageuza uso, akasema, "Wangekata tu, mambo yakaisha."

Nikamuuliza yaishe kwa nani. Nikamwambia kisu cha kwanza kilimaliza mdomo wangu nusu, cha pili kimalize na nusu yake? Alichukua spana zake akatoka. Mume asiye na maneno ana raha yake, hatukani, hasemi umbea. Lakini leo nimemchukia. Naona hataki tu kunitazama.

Jumatano, 17 Februari

Jumatano ya Majivu. Padri alinipaka majivu kwenye paji la uso, macho yake yako shingoni.

Ijumaa, 19 Februari

Gidahosh amekuja na chuma chake kwenye mfuko wa salfeti. Hakutania. Aliketi juu ya gunia la chumvi ya ng'ombe akasema, "Nilikwambia. Huyo daktari wako ameukasirisha." Wateja wawili wakatikisa vichwa kumuunga mkono. Konsolata naye akaja na chumvi yake. Nikawaambia wote: ikishuka mtaniomba radhi, isiposhuka mtanizika na chumvi na chuma pamoja. Wakaondoka. Nilipobaki peke yangu nililia kidogo, nikafuta, nikauza mabomba mawili ya sindano.

Jumamosi, 27 Februari

Imeshuka.

Sikuandika mapema kwa kuogopa kuitia mkosi. Leo nimeishika kwa vidole, ile ngumi imekuwa kama yai, tena yai lenyewe gumu kidogo, si lile tepetepe la zamani. Nimekula ugali bila maziwa. Nimemaliza, nikaongeza.

Jumatatu, 8 Machi

Mvua ya kwanza. Watu wote shambani, duka tupu. Na mimi nimepanda maharage.

Alhamisi, 18 Machi. Hospitali

Sindano ya pili. Korongo lina maji ya kisigino. Daktari amesema kifuko kikubwa kimeshikana karibu chote, leo amefuata vile viwili vya chini. Maumivu yaleyale, lakini safari hii nilijua yana mwisho. Nikamuuliza akikosea njia ya sindano inakuwaje. Akanionyesha kwenye kioo mshipa mkubwa wa damu unavyodunda, na kando yake akanionyesha mahali neva inapopita ingawa haionekani vizuri. "Ndiyo maana sichomi bila macho," akasema.

Sindano ya tatu ni tarehe ishirini na mbili Aprili. Baada ya hapo atabakiwa na safari mbili za kunitazama tu, kisha hatakuja tena.

Jumapili, 4 Aprili

Pasaka. Imevimba, imeshuka, kama alivyosema. Nimekula nyama ya kuchoma, nikatafuna mpaka mfupa. Gidahosh alipita kuuza beberu, akanizunguka, akatazama shingo pande zote. "Imepungua," akasema, kwa huzuni ya mtu aliyekosa kazi. Hakuniomba radhi. Nimemsamehe hivyohivyo.

Jumatatu, 12 Aprili

Mvua usiku na mchana. Nguo hazikauki. Watoto wote wana mafua.

Alhamisi, 15 Aprili

Na mimi nimeyapata mafua.

Jumamosi, 17 Aprili

Daktari alinionya: ukipata mafua, limfu inajaa, inaweza kuvimba upya. Imevimba. Asubuhi yai, jioni ngumi, na imekuwa nyekundu na ya moto. Sauti inatoka kwa shida. Nikimeza mate nasikia yanatafuta njia.

Bado siku chache tu. Nitafika kwenye sindano ya tatu hata kwa kutambaa.

Jumatatu, 19 Aprili

Korongo limejaa. Lori la mahindi limekwama upande wa pili, utingo amevua shati anapiga mayowe ambayo hakuna anayeyasikia. Nimepanda kilimani kutafuta mtandao, nimepiga simu hospitali, inaita na kukatika. Severine anatoka alfajiri kabla sijaamka na anarudi amelowa mpaka kiunoni, haulizi shingo inaendeleaje. Anakimbia kuniona. Na akimbie.

Jumatano, 21 Aprili

Naandika haya yote kwa sababu nataka nikumbuke vizuri nilivyokuwa leo.

Asubuhi sikuweza kumeza uji. Kesho ndiyo tarehe, na mvua inanyesha ileile. Nilikaa dukani nikafikiri kwa akili ambayo naiona sasa ilikuwa akili ya homa, lakini asubuhi niliiona safi kabisa. Dawa ya daktari ni ukoo mmoja na OTC. OTC ninayo kabati zima. Mabomba ninayo, na sindano nyembamba za kuchanjia kuku ninazo. Kifuko nakijua kwa kidole, nimekipapasa miaka yote. Mwenye mkono usiotetemeka yuko upande huu wa korongo. Kwa nini nife nikiwa nimeketi juu ya dawa?

Nikamtuma Severine akamwite Gidahosh. Sikumwambia ni kwa nini. Akaenda.

Mzee alipofika nilikuwa nimeshatandika kitambaa safi kwenye meza ya duka: chupa, bomba jipya, spiriti, pamba. Severine alibaki nje anahangaika na pikipiki.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mama Dawa. Unaongea kama kuku aliyeshikwa."

"Mzee, mbuzi unampata mshipa hata kama ameruka. Mkono wako naujua. Nataka unichome hapa." Nikamwonyesha kwa kidole. "Uvute maji kwanza, halafu uweke dawa. Nitakuelekeza."

Alitazama chupa, akaigeuza. Hajui kusoma, lakini picha ya ng'ombe anaijua. "Hii ni ya ng'ombe."

"Ni ukoo mmoja na ya daktari."

"Daktari anaona kwa kioo, ulituambia hapa. Mimi nitaona kwa nini?"

"Kwa kidole. Kama unavyopapasa mitoki ya ndama."

Akaketi kwenye gunia la chumvi. Mvua ilikuwa inapiga bati. Halafu akasema, taratibu:

"Ng'ombe nikikosea, namla. Wewe nikikosea nitakufanya nini?"

Nilimtukana. Naandika kwa sababu ni kweli. Nilimwambia mwezi wa pili alikuwa radhi kuniunguza kwa chuma kama mnyama, leo anaogopa sindano ya kuku. Nilimwambia ni mwoga aliyejificha ndani ya shuka. Mzee wa umri wa baba yangu. Maneno yalitoka na povu.

Hakukasirika. "Mwezi wa pili sikuwa nimekuona ukipungua," akasema. "Nimekuona Pasaka. Yule mwanamke mfupi anajua kitu. Sasa mimi nikiingiza mkono wangu katikati ya kazi yake nitaharibu ya kwake na yangu." Akainuka, akaichukua chupa, akairudisha kabatini mwenyewe, kati ya dawa za minyoo. Halafu akatoka nje, nikamsikia anazungumza na Severine.

Severine aliingia. Aliona kitambaa, bomba, pamba. Nilijiandaa kwa makelele, au kwa kimya chake, ambacho ni kibaya zaidi. Akaja akapiga magoti mbele yangu, mwanaume mzima na grisi mikononi.

"Nimepigilia kijiti kwenye korongo," akasema. "Tangu Jumamosi. Kila alfajiri naangalia maji yamefika wapi. Jana yalikuwa juu ya alama, leo yameshuka kiganja. Mvua ikitulia kidogo leo, kesho tunavuka."

Kumbe ndiko alikokuwa akienda. Mimi nikadhani ananikimbia.

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Kwamba bado yamejaa?" Kisha, akiwa anatazama sakafu: "Usiku unakoroma, halafu unanyamaza. Ukinyamaza nakaa nasikiliza mpaka uvute tena. Ndiyo maana nilisema wakate. Sikuwa na neno lingine."

Miaka kumi na tano nimeishi na mtu huyu. Nimemshika kichwa nikalia juu ya nywele zake, na yeye akaniacha nilie.

Ijumaa, 23 Aprili. Hospitali

Jana asubuhi mvua ilikuwa manyunyu. Gidahosh alikuja na maksai wake mkubwa mwekundu, aliyezoea kuvuka kwenda kulamba magadi. "Huyu anajua sakafu ya korongo kuliko mimi," akasema. Hakutaja ya juzi. Nilitaka kumwomba radhi, sauti haikutoka, nikamshika mkono tu, akautikisa kama tunamalizana bei.

Maji yalikuwa ya kiuno, mekundu, yanavuta. Maksai aliingia kwanza. Alikuwa anajaribu kwa kwato, anasimama, anasogea. Gidahosh alikuwa upande wa kichwa, akimwimbia kitu kwa Kidatooga, lugha yao. Mimi nilishika pembe kwa mkono mmoja na nundu kwa mwingine, na Severine alikuwa nyuma yangu amenishika kiuno, pikipiki tumeiacha kwa watu. Katikati mguu wangu ulikosa ardhi. Maji yakanipiga kidevuni, nikafunga mdomo, nikafikiri: koo hili limezuia mengi, na lizuie na haya. Yule mnyama hakutikisika. Tukatoka ng'ambo, Gidahosh akageuka na maksai wake kurudi kabla maji hayajabadili nia. Aliinua fimbo tu kwa mbali.

Lile lori la mahindi lilikuwa limekwamuliwa, tukapanda juu ya magunia. Tulifika hospitali jioni. Daktari Judica alikuwepo. Alikuwa aondoke mchana, lakini mvua iliyonifungia mimi ilimfungia na yeye.

Hakunichoma. Alisema kifuko chenye uchafu hakiwekewi dawa, kwanza homa ishuke. Wamenitundikia dripu, dawa ya kuua vijidudu na ya kupunguza uvimbe. Leo nimemeza chai.

Nilimweleza habari ya OTC. Yule mpole alikaa kitandani kwangu na uso wake ukawa mwingine kabisa. "Ile imetengenezwa ikae ndani ya nyama ya ng'ombe siku kadhaa," akasema. "Ingekula nyama ya shingo yako. Na mshipa nilikuonyesha ulipo. Huyo mzee ni nani?"

Nikamwambia ni mteja.

"Ukoo mmoja, ndiyo," akasema akiinuka. "Lakini kwenye ukoo kuna wa kumkaribisha na kuna wa kumfungia mlango. Muuzaji wa dawa ndiye apaswaye kujua hilo."

Kweli hiyo imeniuma kuliko sindano. Ni maneno ninayowaambia wafugaji kila siku ya mnada.

Alhamisi, 29 Aprili. Hospitali

Sindano ya tatu. Daktari aliahirisha safari yake kwa ajili yangu na mama mwingine. Niliomba nigeuziwe kioo nione sindano inavyoingia. Nimeona. Ni ncha nyeupe ndogo inayoingia kwenye giza bila haraka. Sikupiga kelele.

Jumanne, 11 Mei

Nimerudi dukani. Imevimba, nipo, nauza.

Gidahosh alipokuja nilisimama. Nikamwambia mbele ya wateja: "Mzee, nilikutukana, na wewe uliniokoa. Naomba radhi." Akaangalia juu ya bati kama anatafuta tundu linalovuja. "Nataka dawa ya minyoo," akasema. Nikampa. Akiwa mlangoni akasema, "Mke wangu mdogo ana ndama mwenye ndigana. Kuna dawa isiyo chuma?" Nikamwambia ipo, ya sindano, ila ni mpaka tupime uzito, na lazima iwe mapema. Akarudi akaketi, nikamweleza yote, na safari hii alisikiliza mpaka mwisho.

Ijumaa, 21 Mei

Maharage yametoa maganda. Shingo kama yai la kanga.

Alhamisi, 27 Mei. Hospitali

Daktari amepima. Vifuko vikubwa vyote vimeshikana, vimekuwa kovu. Kimebaki kimoja, amenitaka nirudi tarehe kumi, safari yake ya mwisho, akione tena uvimbe ukishatulia.

Jumatano, 2 Juni

Jua na upepo. Severine anaimba huko nje chini ya trekta. Sikujua ana sauti nzito hivyo.

Alhamisi, 10 Juni. Hospitali, kisha nyumbani

Tulikuwa wanne chumbani: mimi, Severine, Daktari Judica, na daktari wa upasuaji wa hapo hospitali, kijana mwenye mikono safi sana. Kwenye kioo kile kifuko kilichobaki kilikuwa kidogo, kama punje ya mahindi, kimelala palepale neva inapopita kwenda mdomoni.

Daktari wa upasuaji alisema yeye anaweza kukitoa, ni kazi ndogo, niondoke hapa nimemaliza. Alisema vizuri, bila kulazimisha.

Daktari Judica alisema yeye anaweza kuongeza sindano moja, kwa dozi ndogo. "Pengine kitaisha," akasema. "Pengine mdomo utalegea zaidi. Na tukikiacha kinaweza kukaa hivyo miaka yote, au kikajaa tena siku moja. Sitakudanganya kwamba najua. Na mimi sitakuwa hapa."

Wote wakanitazama. Nilimgeukia Severine. Nilijua anachotaka, anataka kiishe, anataka usiku wa kulala bila kusikiliza. Akatikisa kichwa taratibu. "Shingo ni yako," akasema. "Mimi usiku nitasikiliza tu, nimeshazoea."

Nilimeza mate, kwa makusudi, mara moja na tena. Yakapita. Nikalala chali palepale kitandani, wote wamesimama, nikavuta pumzi mpaka tumbo likainuka. Ikaingia yote, ikatoka yote. Nikaketi.

"Kiache," nikasema.

Daktari wa upasuaji akauliza kama nina hakika, maana vitu hivi hurudi.

"Najua hurudi, hiki kilishawahi kurudi baada ya kisu. Na kirudi. Njia ya kuja hapa naijua hata kwa maji ya kiuno."